Joshi na demani: maneno ya chombo cha tanga kwa anayeanza

Nimezaliwa Sikonge, mkoani Tabora, kwenye miombo na mizinga ya nyuki. Nilipoolewa Tumbatu, kisiwa kilicho ng'ambo ya Mkokotoni, kaskazini-magharibi ya Unguja, bahari nilikuwa nimeiona mara mbili tu. Kiswahili nimekua nacho, tena ni mwalimu wa shule ya msingi. Hata hivyo, siku ya kwanza niliyopanda mashua ya baba mkwe wangu nilikaa katikati ya watu wanaosema Kiswahili nisielewe wanaambiana nini. Joshi, demani, jarari, hamarawi, kana. Kila neno lilitamkwa kwa haraka, na kila lilipotamkwa mtu aliinuka akafanya kitu.

Kwa miezi kadhaa sikujishughulisha. Nilijiona abiria, na abiria kazi yake ni kukaa. Ikaja siku moja ya mwezi wa saba, kusi, ule upepo wa kusini, imekaza, tumepakia unga na saruji kutoka Mkokotoni. Shemeji yangu alikuwa mbele anakaza mzigo, baba mkwe ameshika usukani, mimi nimekaa nyuma karibu na kamba. Upepo ukaja kwa kishindo, chombo kikalala, maji yakaanza kuingia ubavuni. Baba mkwe akapiga kelele: "Acha demani! Mwanangu, acha demani!" Kamba mbili zilikuwa zimefungwa karibu na mkono wangu. Nikafungua moja. Ilikuwa jarari, kamba inayolibeba tanga juu, si demani, inayolilegeza. Foromali, ule mti mrefu wa juu, ikaporomoka na tanga lake lote, ikampiga shemeji begani, na nusu ya tanga ikalala majini. Hatukuzama, alhamdulillahi. Lakini shemeji hakuweza kuinua ule mkono kwa wiki mbili, na kila nilipompelekea chai nilijua kwamba kilichomwumiza ni neno moja ambalo sikuwa nimejisumbua kulijua.

Basi nikaanza kujifunza. Mwanzo nilikosea njia. Nilijaza daftari maneno arobaini, nikayakariri kama ninavyowakaririsha watoto msamiati wa mtihani. Nilipopanda chomboni yakanipotea yote, kwa sababu daftari limetulia na chombo hakitulii. Baba mkwe aliliomba lile daftari, akalipekua taratibu, akanirudishia. "Umeanza na mbao, mwanangu. Anza na upepo." Hivyo ndivyo nilivyofanya, na hivyo ndivyo ninavyowaanzisha watoto wa ndugu zangu wanaokuja likizo kutoka bara, na walimu wenzangu wanaotaka kuvuka wakijua kinachoendelea.

Upepo kwanza

Kabla hujajua jina la kamba hata moja, jizoeze kujua upepo unatoka wapi. Simama pwani, fumba macho, geuza uso polepole mpaka usikie upepo unapita sawasawa kwenye masikio yote mawili. Hapo uso wako umeelekea kule unakotoka. Fumbua macho, utie alama: mnazi, mnara wa simu, pembe ya kisiwa. Keti robo saa, kisha rudia. Fanya hivi siku tatu nne, hata ukiwa sokoni, hata ukiwa unaanika nguo. Utafika mahali shavu lako litakuwa linakwambia bila wewe kuuliza. Ukiwa chomboni na hujiamini bado, funga uzi mwepesi mahali palipo wazi uutazame unakolalia.

Upepo huitwa kwa jina la unakotoka. Kaskazi unatoka kaskazini-mashariki na ni wetu takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi unatoka kusini, kwetu zaidi kusini-mashariki, kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, na ndio wenye nguvu. Hizi ndizo pepo zilizojenga miji ya pwani: jahazi za Uarabuni na Ghuba zilishuka kwetu na kaskazi, zikangoja, zikapanda kurudi na kusi. Kati ya misimu hiyo miwili kuna kipindi upepo unapogeukageuka, ukaweza kusafiri kwenda kusini au kaskazini upendavyo. Wazee hukiita tanga mbili. Utasikia pia umande, upepo wa asubuhi unaotoka upande wa bara, na matlai, unaotoka upande wa macheo.

Angalizo dogo hapa. Kusi inapochoka, kuanzia Septemba hivi, bahari hulainika, na majira hayo huitwa demani. Neno hilo hilo utalikuta tena chini likiwa jina la kamba, na likiwa jina la upande wa chombo. Mzee akikwambia "tutakwenda Pemba demani", anazungumzia majira. Akikwambia "shika demani", nyoosha mkono.

Pande mbili zinazohama

Hapa ndipo penye ufunguo, na hapa ndipo nitakaa.

Mtu wa bara akiingia chomboni anatafuta kulia na kushoto. Mabaharia wa meli za Kizungu nao wana neno la upande wa kushoto na neno la upande wa kulia, hayabadiliki hata meli igeuke vipi, na usiku taa ya kushoto ni nyekundu na ya kulia ni ya kijani. Hiyo inafaa kwa meli ya mashine. Chombo cha tanga cha kwetu kinataka swali jingine: upepo unaingilia upande gani?

Upande unaoingilia upepo unaitwa joshi, au goshi. Utasikia pia "upande wa joshini". Upande wa pili, ambako upepo unatoka kwenda zake, unaitwa demani. Ukiwa umekaa joshini, upepo unakupiga kabla haujalifikia tanga. Ukiwa umekaa demanini, tanga limekuzidi, chombo kinalalia upande wako, na wewe ndiye wa kwanza kulowa.

Sasa angalia linalotokea. Chombo kikigeuka, ubavu ule ule wa mbao uliokuwa joshi unakuwa demani. Ubao haukuhama, jina limehama. Ndiyo maana daftari langu lilinishinda. Nilikuwa nimeandika "joshi: upande wa kushoto", kwa kuwa siku niliyouliza ilikuwa kushoto.

Maneno haya yametoka kwenye tanga lenyewe. Tanga letu lina pembe ya mbele ya chini, inayovutwa upande wa upepo: hiyo ndiyo joshi. Lina pembe ya nyuma ya chini, iliyofungwa kamba ya kulikaza na kulilegeza: kamba hiyo ndiyo demani. Pembe ya mbele inaelekea upepo, pembe ya nyuma inaupa mgongo, na pande za chombo zikachukua majina ya pembe hizo. Ukishaliona hili kwa macho yako huwezi kulisahau.

Zoezi lake ni hili. Chora mashua mchangani, urefu wa hatua mbili, yenye mbele iliyochongoka. Usichore mshale wa upepo. Tumia upepo wenyewe unaovuma. Ingia ndani ya mchoro, utazame mbele ya chombo, utaje kwa sauti: joshi huku, demani huku. Toka, chora mashua nyingine imeelekea kwingine. Ingia tena, taja tena. Watoto huufanya mchezo huu wakicheka, mmoja anazungusha kijiti kama usukani na wengine wanarukia upande wa joshi. Mtu mzima anahitaji siku mbili. Usiendelee mbele mpaka uweze kutaja bila kusita, kwa sababu amri zote zimejengwa hapo.

Ukimaliza hapo, ongeza maneno manne ya mwendo. Upepo ukikupiga usoni ni pepo za omo. Omo ni mbele ya chombo. Ukikaza tanga ukaenda karibu kabisa na unakotoka upepo, unakwenda joshi. Upepo ukija ubavuni, wanasema matanga kati. Ukija mgongoni ni upepo wa tezi. Tezi ni nyuma ya chombo.

Pepo za omo hazipitiki moja kwa moja. Hakuna tanga linalokwenda uso kwa uso na upepo. Kwa hiyo chombo kinakwenda mshazari, upepo shavu la kulia, kisha kinageuka, upepo shavu la kushoto, tena na tena, mpaka kifike. Kazi hiyo huitwa kubisha, au kupiga bisho. Mimi nililishika neno hili upesi kwa kuwa ndicho ninachokiona: chombo kinabishana na upepo. Wakati wa kusi, kutoka Mkokotoni kuja kwetu upepo unatusukuma kwa nyuma ubavuni na safari ni nyepesi. Kurudi ndiko kwenye kubisha. Wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza kwa nini mwalimu huwahi kurudi nyumbani na huchelewa kufika mjini, na jibu ni hilo.

Gusa chombo kikiwa mchangani

Sasa nenda kwenye mbao. Usijifunzie baharini, kila kitu kinatikisika na kila mtu ana haraka. Subiri maji yapwe, chombo kikiwa kimekaa mchangani. Kwetu Unguja siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hupwa sana karibu saa nne asubuhi, na huo ndio wakati mzuri. Toa salamu kwanza: "Shikamoo baba, naomba niangalie chombo." Sijawahi kuona nahodha aliyekataa. Vua viatu, na usiruke juu ya kitu chochote kilichofungwa.

Anzia nyuma uende mbele, mkono wako ukiwa juu ya mbao. Usukani uko tezini, na kile kipini kinachoshikwa kuuzungusha kinaitwa kana. Ukitaka chombo kielekee huku, kana unaipeleka kule. Usikubali nadharia tupu, omba uisukume uone usukani unavyogeuka. Inama chini uguse mkuku, ule mti mmoja mrefu wa chini unaobeba chombo chote. Ingia ndani uone mataruma, mbavu za chombo, ambazo mbao zimepigiliwa juu yake. Katikati, mahali pa chini kabisa ambapo maji yanayovuja hujikusanya, ni ngama. Kijana mdogo kabisa chomboni kazi yake huwa ni kukumba maji pale. Mbele ni omo, na ile ncha ya mbele kabisa, ambayo kwenye jahazi kubwa mafundi huipamba, ni gubeti.

Kuna methali inayokupa matatu kwa pamoja: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Niliwahi kuifundisha darasani miaka mitano, nikiwaeleza watoto kwamba maana yake mtu hurudi kwao, bila kujua tezi ni nini wala omo ni nini. Sasa darasa langu linaisomea mchangani, wakitembea tezi mpaka omo na kurudi kusimama ngamani, na hakuna anayehitaji maelezo.

Ukiwa hapo uliza juu ya farumi. Ni uzito unaowekwa chini ili chombo kisiwe chepesi mno: mchanga au mawe. Siku tunarudi bila mzigo baba mkwe hutia farumi ya mifuko ya mchanga, na siku tumebeba saruji haitii. Uliza pia juu ya deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaopakwa nje chini kuzuia wadudu wanaokula mbao. Na kalafati, pamba inayoshindiliwa kati ya ubao na ubao. Haya hayatakuokoa kwenye upepo, lakini ukiyajua mafundi wataanza kukuzungumzisha kama mtu mwenye akili yake, na kutoka kwao utapata mengine mengi.

Aina za vyombo zipite haraka: ngalawa ina magogo mawili ya pembeni ya kuizuia isipinduke, mtumbwi ni gogo lililochongwa, nao hauna hayo ya pembeni, mashua ni ya mbao na ni ya wastani, jahazi ni kubwa, la mizigo.

Kamba, moja moja

Tazama juu. Mti uliosimama ni mlingoti. Mti mrefu uliolala mshazari juu yake, ambao tanga limefungwa, ni foromali. Kwenye picha za boti za kitalii utaona mti uko chini ya tanga; kwetu uko juu, na ndiyo maana unaweza kukuangukia. Kando ya tanga kumeshonewa kamba nyembamba ili kitambaa kisichanike, nayo ni dasi. Matanga yetu zamani yalikuwa ya merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa na meli za Marekani karne ya 19 mpaka kikachukua jina la nchi. Siku hizi utakuta turubai na vitambaa vya nailoni.

Kamba usizijifunze kwa kutazama, kwa sababu zote zinafanana. Shika ncha moja, uifuate kwa mkono mpaka ncha ya pili, ukijiuliza: inashika nini, nikiilegeza kitatokea nini? Fanya hivyo kwa kila moja kabla hujauliza jina lake. Jina likija baada ya kazi, linakaa.

Kamba ya kupandishia foromali ndiyo ya kwanza. Kwenye jahazi kubwa ni mbili zinazosaidiana: henza, nene, inayopita juu kwenye kilele cha mlingoti na kushika foromali, na jarari, inayozunguka kwenye kapi kubwa liitwalo gofia, ambayo ndiyo watu huivuta. Kwenye mashua ndogo kama yetu, ile unayoishika mkononi wanaiita jarari basi. Hiyo inabeba uzito wote wa foromali na tanga. Hufungwa nyuma ya mlingoti, na ikikazwa inausaidia mlingoti usimame. Haifunguliwi na mtu asiyeambiwa.

Ya pili ni demani. Inatoka pembe ya nyuma ya tanga inakuja tezini kwa nahodha au kwa mtu aliye karibu naye. Ndiyo breki na ndiyo mwendo. Ukiivuta, tanga linashika upepo. Ukiilegeza, tanga linapumua. Ukiiacha kabisa, linapepea na chombo kinasimama wima. Demani haifungwi fundo gumu. Huzungushwa, ikabanwa kwa namna ambayo mvuto mmoja unaiachia, na siku za upepo mkali mtu huishika mkononi muda wote.

Sasa unaona kosa langu. Jarari na demani zote zilikuwa zimekuja nyuma, zote za nailoni, zote rangi ya buluu. Baada ya ajali ile baba mkwe alifunga kitambaa chekundu kwenye demani. Kama una chombo na unabeba wageni, fanya hivyo leo. Ni senti chache.

Mbili zilizobaki utazihitaji baadaye: hamarawi, inayoshika ncha ya chini ya foromali kule omoni, na baraji, zinazoiongoza foromali isiyumbe. Anayeanza azifuate kwa mkono azijue zilipo, na aziache kwa wenyewe.

Amri na namna ya kuziitikia

Chomboni maneno mengi ni amri, na amri moja ni neno moja au mawili. Tweka: pandisha tanga. Tua: shusha. Vuta demani. Legeza demani: kidogo kidogo, kamba ikiteleza mkononi. Acha demani: yote, sasa hivi. Tofauti ya kulegeza na kuacha ni kubwa na watu wazima huichanganya. Hamia joshi: nenda ukakae upande wa upepo ili uzito wako uinue chombo. Tia nanga. Ng'oa nanga.

Jibu amri kwa kuirudia. Nahodha akisema "legeza demani", sema "demani, nalegeza", kisha ndipo ufanye. Hiyo nimeianzisha mimi kwenye mashua yetu, kutoka darasani, na baba mkwe ameikubali. Kama umeshika kamba isiyo yake, atasikia kabla hujafungua. Na kama hukuelewa, sema "sijaelewa" kwa sauti kubwa. Usibahatishe.

Kuna amri moja inayostahili kuelezwa kwa kirefu: pindua. Chomboni haina maana ya kukifanya kilale kifudifudi. Ni kugeuza ili upepo uingilie upande wa pili. Kuna namna mbili. Kupindua kwa joshini, omo inapita kwenye upepo. Kupindua kwa demanini, ambayo utawasikia wazee wakiita kwa damalini, tezi ndiyo inayopita kwenye upepo. Ya kwanza ni fupi. Lakini foromali iko upande mmoja wa mlingoti, na ukigeuka kwa joshini tanga linabanwa kwenye mlingoti, chombo kinapoteza mwendo, kinaweza hata kuanza kurudi nyuma. Kwa hiyo vyombo vikubwa hupendelea ya pili: demani inaachwa, tanga linapeperuka mbele ya chombo, foromali inasimamishwa wima sambamba na mlingoti, mabaharia wanaipitisha mbele ya mlingoti, wanavuta demani upande wa pili. Joshi imekuwa demani, na demani imekuwa joshi.

Wakati hayo yanafanyika wewe mgeni una kazi tatu: inamisha kichwa, kusanya miguu isikanyage kamba, na subiri uambiwe uhamie upande gani. Ukishazoea hutasubiri, mwili utahama wenyewe. Na ukiwa unajifunza, vaa jaketi la kuokolea tangu mchangani. Mimi huogelea sasa, na bado navaa.

Maji yana maneno yake

Upepo ukiutambua na maji huyatambui, utalala funguni. Maji hujaa na hupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: yanajaa mno na yanapwa mno. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Anayefuata tarehe za mwezi wa Kiislamu ana jedwali la maji kichwani: tarehe moja na tarehe kumi na tano ndizo bamvua.

Kupwelewa ni kuachwa na maji, chombo kikakaa juu mpaka yarudi. Imetukuta mwezi wa Ramadhani, saa moja kabla ya kufuturu, tukiwa tunaiona misikiti ya nyumbani. Fungu ni mchanga ulioinuka. Mwamba ni mwamba kweli, na huo unatoboa. Mlango ni njia ya kina kati ya miamba. Mkondo ni maji yanayokwenda, na mkondo ukipingana na upepo, mawimbi yanasimama wima hata siku ambayo upepo si mkubwa. Kina hupimwa kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na kwenye maji madogo upondo unatosha: ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Shwari ikikukuta katikati, utaujua upondo vizuri, au kasia.

Ukitoka bandari moja kwenda nyingine

Maneno haya yametoka mbali. Nahodha na serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, yana asili ya Kiajemi. Usukani ni wa Kiarabu. Roda, gurudumu la ndani ya kapi, ni la Kireno. Kwa hiyo usishangae yakibadilika ukihama. Wengine tezi huiita shetri. Watu wa Lamu wana yao, watu wa Mafia wana yao, na wavuvi wa Ziwa Tanganyika, magharibi ya kule nilikotoka, wana mengine kabisa. Nimekwisha kumwona kijana wa Nungwi na mzee wa Pemba wakibishana nusu saa juu ya kamba moja, kila mmoja na jina lake, na wote wawili walikuwa wameishika.

Kwa hiyo usiulize "hii inaitwaje?" kana kwamba liko jina moja duniani. Uliza "hii mnaiitaje hapa?" Mzee atakujibu kwa furaha, na mara nyingi ataongeza walivyoiita babu zake. Kisha mwombe akuonyeshe demani ya chombo chake, uifuate kwa mkono mpaka ncha, na uangalie ilipofungwa jarari, kabla hamjasukuma.